Kaseti ya Nyota ya Chini

Jaël alifahamiana na Kabedi kwa sababu ya bata. Mama Clémentine, mjane wa mtaa wa Shituru mjini Likasi, alikuwa ameagiza kitambaa cha meza chenye bata kwenye pembe zake, na Jaël, aliyekuwa akiishi kwa kushona vitambaa vya namna hiyo, alikipeleka mwenyewe kwa miguu kutoka mtaa wa Kikula. Binti wa nyumba ndiye aliyekipokea. Alikitandaza, akamtazama bata mmoja, kisha akakigeuza upande wa nyuma na kukikazia macho kama mtu anayesoma.

"Weye unachoraka wapi mbele ya kushona?" aliuliza.

"Ku papier ya karo," Jaël akajibu, yaani karatasi ya miraba. "Kila karo, musalaba moja."

"Ingia," alisema Kabedi. "Kuya uone kitu."

Ilikuwa mwanzoni mwa mwaka 1992. Miezi michache kabla ya hapo maduka ya mji yalikuwa yameporwa, Wazungu wengi wakaondoka. Mmoja wao alikuwa frère, bruda wa kanisa, aliyefundisha hesabu katika shule aliyofundisha Kabedi pia. Kompyuta yake ndogo haikuenea kwenye sanduku, basi akamwachia Kabedi pamoja na mashine ya kaseti iliyohifadhi programu zake. Ilifungwa kwenye televisheni. Shule zilikuwa zimefungwa kwa kuwa walimu walikuwa hawalipwi, na Kabedi, aliyekuwa na umri wa miaka ishirini na minne na kichwa kisichotulia, alishinda mbele ya mashine hiyo kutwa nzima.

Kwenye skrini Jaël aliona mistari ya kijani, ngazi, na kitu cheupe kilichoruka kila Kabedi alipobonyeza kitufe.

"Ile ni nini?"

"Ni muntu."

"Haifanane na muntu. Inafanana na chupa ya bière."

Kabedi alicheka mpaka mama yake akatoka jikoni kuuliza kuna nini. Kisha akampa Jaël karatasi na kalamu, akamwonyesha kwamba mtu yule anakaa ndani ya miraba minane kwa minane, wala hauongezeki hata mmoja. Jaël alifikiri kidogo, akatia nyeusi hapa, akaacha nyeupe pale. Kabedi alipoingiza namba zake kwenye mashine, pale pa chupa palisimama mwanamke mwenye kofia ya chuma, mguu mmoja mbele, tayari kuruka. Jaël hakurudi Kikula mpaka jua lilipokuwa linatua.

Tangu siku hiyo alikwenda Shituru karibu kila mchana. Mchezo waliuita Nyota ya Chini. Msafiri mmoja anaanguka na chombo chake kwenye nyota isiyo na mwanga. Ndani ya nyota hiyo kuna mji uliochimbwa, na waliouchimba hawapo tena, ila pampu bado zinavuta maji na lifti bado zinapanda na kushuka, haijulikani kwa ajili ya nani. Kabedi alizitoa njia zake katika masimulizi ya marehemu baba yake, aliyefanya kazi chini ya ardhi huko Kambove kabla ya kuhamishiwa kiwandani. Lakini alizipotosha. Ukitoka chumba kwa mlango wa kulia, unadondoka kutoka darini mwa chumba kingine. Ukipanda ngazi mbili unajikuta chini kuliko ulikoanzia. Jaël alichora vyumba vyenyewe: dimbwi la maji ya kijani kama yale yanayotiririka nyuma ya kiwanda, daraja la vipande, ndege za chuma zilizolala zikiwa zimefumba macho. Kabedi alizipa akili ya kuamka.

Mama Clémentine naye alizoea kukaa nyuma yao na sahani ya karanga. "Ruka! Ruka basi, mwanamuke!" alipiga kelele, na msafiri alipoanguka majini alisonya kana kwamba ni mtoto wake.

Walibishana juu ya jambo moja tu. Kabedi alitaka mwisho wa njia zote kuwe na chumba cha juu kabisa, chenye jua, ambamo msafiri anatoka nje. Jaël hakukubali.

"Anatoka, anaenda wapi? Chombo yake ilivunjika."

"Anatoka tu. Anapumua."

"Apumue na nani? Afazali akute muntu mule ndani."

Hawakuelewana, wakakiacha chumba hicho bila kukitengeneza. Kila jioni Kabedi alihifadhi kazi ya siku kwenye kaseti moja, kwa kuwa hakuwa na nyingine, na kaseti mpya zilikuwa zimepotea mjini pamoja na vitu vingine vyote.

Mwezi wa nane maneno yakabadilika. Sokoni, kwenye mistari ya mkate, hata nje ya kanisa, watu walianza kuwaita Wakasai, wenye asili ya jimbo la Kasai, bilulu, yaani wadudu, na kusema warudi kwao. Kabedi alizaliwa Likasi. Kasai aliijua kwa majina ya bibi zake tu. Jaël alikuwa Musanga, mwenyeji wa pande hizo, na nyumbani kwao maneno hayo yaliingia kwa urahisi. Baba yake, Papa Barthélemy, alikuwa ameomba kazi kiwandani miaka na miaka bila kuipata, na sasa alikuwa ameambiwa ni nani aliyeichukua. Mdogo wake Jaël, Augustin, kijana wa miaka kumi na tisa, alijiunga na vijana waliokuwa wakizunguka mitaani na fimbo.

"Mama Clémentine hakutufanyia ubaya," Jaël alimwambia baba yake.

"Sijasema yeye," alijibu Papa Barthélemy. "Nasema bote."

Jumapili moja ya mwezi wa tisa vijana hao walifika Shituru kuwafukuza Wakasai majumbani. Mama Clémentine na Kabedi walitoka na godoro, sufuria mbili na blanketi. Jaël alipata habari kesho yake. Alikimbia, akakuta kufuli jipya mlangoni, akaendelea mbio mpaka kwenye stesheni ya treni, kwa sababu kila aliyemuuliza alimwonyesha upande huo.

Sisi tuliokuwa Likasi wakati ule tunaikumbuka ile gare, yaani stesheni. Watu walikuwa maelfu, wamekaa juu ya mizigo yao chini ya mashuka yaliyofungwa kwenye miti, wakingoja treni ya kwenda Kasai ambayo hakuna aliyejua itakuja siku gani. Moshi ulikuwa mwingi, na watoto walikohoa mfululizo. Jaël alizunguka akiita mpaka akamwona Kabedi ameketi juu ya godoro lililokunjwa, ameshika magoti yake.

 Jaël alilia, Kabedi akamfuta uso kwa ncha ya kitenge chake.

"Usilie hapa," alisema. "Hapa kama moja analia, bote banaanza."

Basi Jaël akawa anakwenda kila siku na bukari, yaani ugali, na sombe ya majani ya mihogo ndani ya sufuria iliyofunikwa. Walikula watatu kutoka sufuria hiyo moja. Halafu yeye na Kabedi walizungumza juu ya Nyota ya Chini kana kwamba mashine iko mbele yao, wakaongeza vyumba kwa mdomo tu: chumba chenye mvua inayoanguka kwenda juu, chumba chenye mlango unaofunguka ukiupa mgongo. Wanawake wa jirani waliwasikia wakadhani wanasimuliana sinema.

Wiki ya pili Papa Barthélemy alisema, "Tunahama." Augustin alikuwa amepewa ufunguo. Jaël hakuuliza ni wapi. Alijua pale mkokoteni ulipopinda kuelekea Shituru, na aliufuata akiwa amebeba ndoo ya vyombo kichwani. Ndani hapakuwa pameguswa sana. Kompyuta ilikuwa mahali pake. Kitambaa cha bata kilikuwa mezani.

"Mimi silale humu," alimwambia baba yake.

"Basi utalala wapi? Ile chumba ya Kikula tuliirudisha. Tuko batu ine, Jaël, na mama yako iko na kifua. Nyumba ingekaa bure, wangeingia wengine."

Alisimama mlangoni mpaka miguu ikamuuma. Kisha mama yake alianza kukohoa, akaingia kumchemshia maji. Chumba kilichobaki bila mtu kilikuwa cha Kabedi. Alilala humo.

Asubuhi alipokwenda stesheni alikuwa ameamua kusema. Alipofika, Kabedi ndiye aliyeanza.

"Ulipita ku nyumba? Nani eko mule?"

"Sijue," alisema Jaël. "Kunafungwa."

Neno hilo lilimtoka kabla hajalifikiria. Na lilipokwisha kutoka, kila siku iliyopita ililifanya kuwa zito zaidi. Alipanga kulisema baada ya chakula, akalisogeza mpaka kesho, kesho nayo Mama Clémentine akaugua tumbo, ikawa si siku ya kusema jambo kama hilo.

Kisha Kabedi akamwomba kitu. "Kama unaweza kupita dirisha ya nyuma, kaseti iko pembeni ya télé. Machine babaki nayo. Miye nataka kaseti tu. Kule tunaenda, siku moja nitapata machine ingine."

"Nitajaribu," alisema Jaël, ambaye hakuhitaji dirisha lolote.

Kaseti aliikuta juu ya kabati, karibu na redio ya Augustin. Jina la mchezo lilikuwa bado pale, kwa mwandiko wa Kabedi. Aliifunga ndani ya kitambaa, akaipeleka mchana huohuo.

Jaël hakuwa amewahi kumwona mtu akipokea kitu namna ile. Kabedi aliishika kwa mikono miwili, akacheka, akaibusu, akamwonyesha mama yake. "Uliingia kweli! Jaël, weye ni mwizi!" Halafu akageuka kwa jirani yao wa gare, mzee mmoja aliyeokoa redio yenye kaseti, akamwomba aiazime dakika moja.

"Ya kufanya nini?" aliuliza Mama Clémentine. "Redio haiwezi kuonyesha mchezo."

"Nataka kusikia inalia tu, mama."

Kwani programu ikiwa kwenye kaseti, redio huitoa kama mlio, mkali kama mafuta yaliyomwagiwa maji, na Kabedi alikuwa ameuzoea hata aliweza kusema, hapa ni madaraja, hapa ni ndege. Alibonyeza, akainamisha sikio.

Ulitoka muziki wa gitaa. Kabedi alikunja uso. Kisha gitaa likashushwa, na sauti ya Augustin ikasema karibu sana, kwa madaha kama mtangazaji: "Un, deux. Un, deux. Leo tunafungua nyumba ya Papa Barthélemy, hapa Shituru!"

Vigelegele. Vicheko. Mlango ulilia, mlio mrefu wenye kigugumizi, na Mama Clémentine, aliyekuwa amejilaza, aliinuka akaketi.

"Ile mulango ni yangu," alisema.

Kwenye kaseti Papa Barthélemy aliita, "Jaël! Leta sahani ingine!"

Na sauti ya Jaël mwenyewe, kutoka mbali kidogo, kutoka jikoni, ikaitika, "Nakuya!"

Mzee mwenye redio ndiye aliyeizima. Hakuna aliyemwomba.

Jaël alitaka kusema kwamba hakujua kaseti imerekodiwa juu yake, na hilo lilikuwa kweli. Alitaka kusema kwamba siku ile alipika tu, hakucheza. Nalo lilikuwa kweli. Lakini Kabedi alimtangulia.

"Unalala wapi?" Kabedi aliuliza kwa sauti ya kawaida.

"Kabedi..."

"Minakuuliza tu. Unalala wapi?"

"Ku kitanda yako."

Kabedi aliitikia kwa kichwa polepole. Aliitoa kaseti ndani ya redio, akamrudishia mzee redio yake kwa mikono miwili na kumshukuru. Kisha akamtazama Jaël.

"Ungeniambia," alisema. "Ningekasirika. Pengine ningekutukana, wewe na papa yako. Na kesho tungekula. Unazania miye sijue baba yako iko na shida? Lakini ulikaa hapa siku zote hizi, ulikula na miye, unaniangalia mu macho. Sasa sijue ni nini ingine uliniambia."

"Hakuna ingine. Nakuapia."

"Shika," alisema Kabedi, akamtia kaseti mkononi. "Ni ya kwenu hii. Iko na sauti zenu."

Alisogea upande wa pili wa godoro, akampa mgongo.

Jaël aliendelea kwenda. Mama Clémentine alipokea chakula; alikuwa na njaa na hakujifanya kuwa hana. Kabedi, kila alipomwona anakuja, aliondoka akasimama mbali kwenye reli mpaka Jaël aondoke. Siku moja Jaël alimfuata. Kabedi alitikisa kichwa tu, si kwa hasira, kama unavyomwambia mtu kwamba chombo anachokitafuta hakipo hapa.

Ndipo Jaël akashika jambo moja la kufanya: kuujenga mchezo upya. Michoro ya vyumba alikuwa nayo yote. Aliketi mbele ya kompyuta na kitabu cha maelekezo yake kilichoandikwa kwa Kifaransa, akaanza kujifunza alichokuwa akikifanya Kabedi. Aliandika mistari, mashine ikakataa, akaifuta, akaandika tena. Baba yake alipita nyuma yake, akatoka uani. Augustin alisimama mlangoni.

"Yaya," alisema, kama aitwavyo dada mkubwa, "nilizania ni kaseti ya bure. Ilikuwa inalia tu kama imeharibika."

"Najua."

"Nitakutafutia ingine."

"Augustin, acha nifanye kazi."

Siku ya nne msafiri alisimama kwenye skrini, na kofia yake ya chuma, mguu mmoja mbele. Alikataa kuruka. Alisimama tu katikati ya weusi. Lakini alikuwa amesimama, na Jaël aliona hiyo ni habari ya kutosha kumpelekea Kabedi. Alitoka bila kufunga mlango. Angemwambia, nimemsimamisha, njoo unionyeshe jinsi ya kumrusha. Kabedi asingeweza kulisikia hilo akakaa kimya. Njia nzima alilirudia kichwani.

Alipovuka barabara ya stesheni alisikia honi. Treni ilikuwa imekuja alfajiri na watu walikuwa wameshapanda, wamejaa ndani ya mabehewa ya mizigo na juu yake. Jaël alikimbia kando akiita jina. Kwenye behewa moja lisilo na paa alimwona Mama Clémentine, ameshika ukingo kwa mkono mmoja. Kabedi alikuwa amelala kichwa mapajani mwa mama yake, amefunikwa blanketi mpaka kidevuni, ingawa jua lilikuwa kali.

"Kabedi! Kabedi, anasimama! Nilimusimamisha!"

Mama Clémentine alimwona. Alimtazama binti yake, kisha akamtazama Jaël, akainua mkono uliokuwa huru, si juu sana. Kabedi hakuinua kichwa. Kama alikuwa usingizini, au mgonjwa, au amesikia akakataa, Jaël hakuweza kujua. Treni iliongeza mwendo. Nyuma yake yalibaki mawe ya kupikia na majivu, na watu wengine waliokosa nafasi, ambao tayari walikuwa wanafunga mashuka yao upya.

Baada ya siku nyingi habari ya safari ile ililetwa na Godefroid, mfanyakazi wa reli aliyesafiri na treni ile na ambaye mke wake alikuwa akinunua vitambaa kwa Jaël. Alikuja Shituru mchana, akakataa kuingia, wakazungumza uani. Treni ilikuwa imekwenda polepole, alisema, inasimama porini siku nzima bila maji. Wengi walikufa. Yule binti wa Mama Clémentine aliharisha tangu Likasi, akaishiwa nguvu, akafa kabla hawajafika mji wa Kamina. Walimzika kando ya njia, wanaume wa behewa lile walichimba kwa sahani na kwa mikono. Mama yake aliendelea na safari kwa kuwa treni haikungoja.

"Alisema kitu juu yangu?" Jaël aliuliza.

Godefroid alikuwa mtu mnyofu. Alivua kofia yake, akafikiri.

"Miye sikukuwa mu ile wagon," alisema. "Siwezi kukudanganya, mama."

Jaël alimshukuru. Aliingia ndani, akawakuta wazazi wake na Augustin wanakula, akawaeleza kama alivyoelezwa, bila kuongeza. Mama yake alianza kulia. Papa Barthélemy alinawa mkono, akaukausha kidole baada ya kidole.

"Siye tungefanya nini?" alisema mwishowe. "Sema, Jaël. Tungefanya nini?"

 Jaël alizima kompyuta, akakunja nguo zake, na asubuhi akachukua njia ya Kambove, kwa shangazi yake Orpha, aliyekuwa na shamba dogo na chumba cha ziada. Tantine Orpha hakumuuliza. Alimpa jembe, na kwa miezi mingi Jaël alilima, akachota maji, akalala mapema. Sindano hakuigusa. Mwanamke mmoja alileta uzi mzuri wa rangi nyingi akitaka kitambaa cha harusi; alimwelekeza kwa mshonaji mwingine.

Karibu na mwisho wa msimu wa mvua Augustin alifika, amekonda, na nusu gunia la unga begani. Vijana wenzake walikuwa wametawanyika, wengine wakichimba mawe kwa mikono, wengine gerezani Buluo. Alikaa kwa Tantine Orpha siku mbili. Alipigilia bati lililolegea, akatengeneza ua wa kuku, akitafuta kila mara kazi iliyo karibu na pale dada yake alipo. Siku ya kuondoka alimkuta ameketi nje na ungo wa maharage.

"Yaya, papa anasema urudie. Mama anakutaka ku nyumba."

"Nyumba gani?" aliuliza Jaël.

Augustin alichuchumaa mbele yake, akachukua harage moja, akalirudisha.

"Unanichukia?"

"Weye?" Jaël alimtazama kwa mara ya kwanza tangu afike, akaona ndevu zimeanza kumwota. "Weye hapana."

Augustin alisubiri aseme ni nani basi. Lakini dada yake alikuwa ameshainama tena juu ya ungo, akitoa mawe.